Sproketi za Radi

Msambaza mikate mmoja alijipachika jina la Radi, akaliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye tangi la pikipiki yake. Kasoro ilikuwa moja tu: pikipiki haikuwa na habari na jina hilo. Siku shemeji yake, kaka wa mkewe, alipompita barabarani akiwa amepakia trei za mayai, tena akimpungia mkono, Radi alikosa raha mpaka akaenda kwa fundi.

"Nataka mbio," alisema.

Fundi alichuchumaa akaitazama cheni. "Mbio zipo. Nikikufungia sproketi, haya magurudumu ya meno yanayoshika cheni, kubwa mbele na ndogo nyuma, injini ikizunguka kidogo, tairi linazunguka sana. Ila nguvu ya kuvuta itapungua. Injini ni ile ile, bwana. Ukijaza huku, unapunguza kule."

"Mimi nabeba mikate, sibebi mawe."

Fundi akafunga. Kwenye tambarare mshale wa mwendo ulifika mahali ambapo haujawahi kufika, na Radi akampita shemeji yake mara mbili. Ya pili haikuwa na haja. Aligeuza akarudi nyuma makusudi.

Alichosahau ni kwamba dunia ina vilima. Jumamosi mama mkwe akamwomba ampeleke kwenye mazoezi ya kwaya, juu kilimani. Alikuwa mama wa heshima zake, mwenye mwili wake, na bila yeye sauti ya kwanza haikuanza. Radi akampakia kwa adabu zote. Katikati ya kilima, ikiwa gia namba moja, pikipiki ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.

"Mkwe wangu," akauliza mama mkwe kwa upole, "pikipiki imechoka, au mimi nimenenepa?"

Radi akajibu, "Ni gia, mama."

"Basi nashuka. Wewe kaa hapo hapo, washa, nikusukume. Watu wananisubiri."

"Mama, siwezi kukubali jambo hilo."

"Kwani nimekuuliza?"

Mama mkwe akakunja mikono ya gauni, akasukuma. Watu wakatoka madukani kutazama. Pikipiki ikajivuta, na kwa kuwa mzigo umeshuka, ikapanda. Radi akaogopa kusimama, maana ikisimama haiondoki tena. Akafika kileleni peke yake. Wanakwaya wakamuuliza mama yuko wapi.

"Anakuja," akasema, macho chini.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Mkewe alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemsukumisha mama yangu pikipiki, halafu ukamwacha njiani?"

"Alijitolea."

Jioni hiyo ilipakuliwa sahani moja, na haikuwa ya Radi.

Akarudi kwa fundi. "Sasa nataka nguvu." Fundi alimshauri arudishe sproketi za mwanzo, lakini Radi hakuwa mtu wa nusunusu. Akafungiwa ndogo mbele, na nyuma pana kama mfuniko wa sufuria.

Jumamosi iliyofuata kilima kilinywea. Pikipiki ilimpandisha mama mkwe na mfuko wake wa unga kana kwamba inateremka. Balaa lilikuwa kwenye tambarare. Injini ilinguruma kama mashine ya kusaga, gia zote zikaisha kabla ya kona ya kwanza, na mwenye baiskeli aliyebeba majani ya ng'ombe akawapita akiwasalimu. Radi alitamani ardhi ipasuke. Nyuma yake mama mkwe alikuwa na furaha tele: kwa mwendo ule aliweza kumjulia hali kila anayemfahamu, na kusikia jibu lote.

"Leo ndiyo umejua kuendesha," akasema.

Lakini kazi ni kazi. Mikate ya chai ya asubuhi ilianza kufika madukani watu wakiwaza chakula cha mchana, na wenye maduka wakanuna. Radi akaenda kwa fundi mara ya tatu, mnyonge, akaomba sproketi zake za mwanzo. Fundi akazitoa chini ya benchi, zimefutwa na kupakwa grisi. Hakuwa ameziuza, alimjua mteja wake.

Sasa pikipiki hupanda kilima taratibu na kufika, na kwenye tambarare huenda kwa kadiri yake. Aliyeikataa ni mama mkwe. Alipanda mara moja tu, akaomba kushuka njia panda.

"Inakimbia mno hii," akasema. "Nimempita shoga yangu hata sijajua mjukuu wake kama amepona."

Siku hizi Jumamosi huenda kwaya kwa miguu. Radi, kwa amri ya mkewe, huandamana naye akimbebea mkoba.