Isale la Mama Abesi

Nilipoanza kuandika kijitabu cha jubilei yake, Mama Abesi Anande alinipa sharti moja tu: ukoo wake usitajwe.

"Andika nimezaliwa Uchagani, Jackline. Inatosha."

Mimi mwenyewe hakunificha. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa mangi, mtawala wa Wachagga, na kwamba akiwa na miaka ishirini na miwili aliondoka nyumbani na gauni moja, akaja kwenye monasteri hii juu ya Usa River, ambako hakuna aliyemjua. Mkuu wa monasteri wa wakati huo, abesi aliyempokea, ndiye pekee aliyeambiwa, naye alishafariki zamani. Kwa masista wengine, Anande alikuwa Mchagga asiyejua kukata majani ya ng'ombe.

Aliyemfundisha ni Sista Namnyaki, Mwarusha wa Olmotonyi, aliyeingia utawani mwaka mmoja naye. Hata Anande alipochaguliwa kuwa abesi, kila asubuhi walikwenda kukata majani pamoja, na kila asubuhi Namnyaki alimtania: "Wewe Mchagga, unafunga majani kama nguo za kufua." Nilikaa nao wiki tatu. Sikuwa nimewahi kusikia wazee wakicheka namna ile, nami nilicheka pamoja nao.

Nilikuwa nimehitimu Chuo Kikuu cha Makumira mwaka huo. Niliamini kwamba jambo jema halifichwi, kwamba msichana mmoja mahali fulani akisoma habari za binti wa mangi aliyeacha yote, atapata moyo. Kwa hiyo nikaandika yote. Sikumwonyesha Mama kabla ya kuchapisha. Nilijiambia kuwa ni zawadi.

Siku ya jubilei mshereheshaji akausoma ukurasa wa kwanza kwenye kipaza sauti. Vigelegele vikapigwa. Mzee mmoja kutoka Uchagani akavua kofia, akapiga goti mbele ya meza kuu. Mama Abesi aliinamisha uso, akaitazama mikono yake. Sista Namnyaki, aliyeketi kulia kwake, aliinuka taratibu, akakiacha kiti chake, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Tangu siku hiyo hakumtania tena. Sista wa mapokezi alinieleza kwa simu kwamba Namnyaki sasa anamwita "Mama Mtukufu", amemnyang'anya mundu, na anakwenda kukata majani peke yake.

Nikaenda Kikatiti kwa mama yangu, nikakata jani la isale, mmea unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Kwetu Wachagga, ukimkosea mtu hata kosa kubwa namna gani, ukimpelekea jani lile hana budi kukusamehe. Kulikataa ni kujitakia laana.

Nilimkuta Mama Abesi nyuma ya banda la ng'ombe, amekaa tu. Nikapiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Alilitazama bila kulipokea.

"Umelichagua hili kwa sababu siwezi kulikataa," alisema.

Ilikuwa kweli.

"Watu walikuja hivi hivi kwa baba yangu. Hakuna aliyeweza kumwambia hapana. Hata mimi, mtoto tu, hakuna aliyeniambia hapana. Wa kwanza alikuwa Namnyaki." Akalipokea jani, akalishika kidogo, akanirudishia. "Nimekusamehe, kama desturi inavyotaka. Sasa mpelekee yeye. Yeye si Mchagga, halimfungi. Anaweza kukukatalia."

Namnyaki alikuwa kando ya mfereji, mgongo umeinama. Nikamwamkia, nikamweleza nilichokuja kufanya. Aligeuza jani huku na huku.

"Ng'ombe hawali hili, msomi."

Kisha akanirudishia, sauti yake ikashuka. "Miaka hamsini nimemcheka mtoto wa mtawala. Sikujua. Lakini wewe ulijua wiki tatu nzima, ukakaa hapa ukicheka nasi."

Nikakumbuka kwamba katika kurasa zote arobaini za kijitabu changu, jina lake halikuwemo.

Mama Abesi alikuja nyuma yangu na mundu wa kuazima. Akakata, akafunga, akajitwika. Hakufika mbali, mzigo ulifumuka, majani yakamfunika shela na mabega. Kama alifanya makusudi, sijui mpaka leo.

Namnyaki alimtazama. "Mchagga," alisema polepole, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Mama alisimama akisubiri maneno yaliyobaki ya ule utani. Hayakuja. Namnyaki akapiga magoti, nami nikadhani ni yale ya jubilei tena. Kumbe alikuwa akikusanya majani.

"Shika huku," alimwamuru. "Vuta. Vuta, nimesema."

Mama Abesi akavuta.

Hakuna aliyeniita nisaidie, wala aliyenifukuza. Nilisimama na isale langu lililoanza kunyauka, nikaona haya hata kuwatazama, nikageukia mfereji.