Chui Chini ya Miguu ya Mwadi

Hakuna saluni mtaani Manika ambayo mchoraji Ngalula hakuichorea kibao, ila shefu wa jadi hakuwahi kumchora. Kwa hiyo mzee Ntambwe, baba mdogo wa Shefu Mwadi, alipomwagiza amchore mama huyo akikanyaga udongo, alitii tu. Yeye mtoto wa Kasai, mila za huku angezijuaje?

Asubuhi ya siku ya kutundika picha, Mwadi alikuja kuitazama barazani kwake. Akaonyesha picha ya ukutani ya marehemu kaka yake, aliyemwachia kiti. Chini ya miguu ya marehemu palitandikwa ngozi ya chui.

"Mama Ngalula, shefu hakanyagi mu bulongo. Mwenye kukanyaga bulongo anachunga tu kiti ya mwengine. Ni nani alikuambia vile?"

"Tata Ntambwe."

Ngalula aliona aibu, halafu akapandwa na hasira. Saa nane watu wa mgodi wangekuja kuzungumzia kuhamisha kijiji. Wazee wangeiona picha ile, kalamu wangempa Ntambwe kama mwenye kiti, naye angesaini chochote. Kumbe mzee kamtumia yeye kama brashi!

"Mi ndiye niliharibu, mama shefu. Mi ndiye nitatengeneza."

Akafungua kopo la rangi ya manjano lililobaki alipochora kibao cha saluni. Saa sita Ntambwe akamkuta anaitia ngozi ya chui madoadoa meusi kwa kidole gumba.

"Wacha! Ni nani amekutuma?"

"Kazi ni yangu, tata."

Maji alishayavulia nguo. Alichora mpaka ukucha wa mwisho, ndipo akatoka kuosha brashi. Aliporudi, kona moja ya ngozi ilikuwa imefutwafutwa, rangi ingali mbichi. Akainua brashi airekebishe, lakini wageni na wazee walikuwa wanaingia tayari.

Mwadi akaitazama ile kona, akaketi. Pale kwao hakuna anayefungua mdomo mbele ya shefu kabla ya kupiga magoti na kumpigia makofi. Wazee wakapiga, mmoja mmoja. Ntambwe alipiga magoti, mikono ikabaki mifukoni mwa koti.

"Tata Ntambwe," Mwadi akasema polepole, "tunakungojea."

Mzee akaitoa. Viganja vyote viwili vilikuwa vya manjano. Baraza zima likaviangalia, kisha likaiangalia picha.

Akapiga makofi.

Mwadi akaipokea salamu yake, akawageukia watu wa mgodi. "Karibuni. Mambo ya kijiji, mutaongea na mi."