Sauti ya Kuwekesha

Rahabu alikuwa na ofisi ndogo pale Same, karibu na stendi: chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyofanya kazi siku ilipojisikia. Humo alichapa mitihani ya shule, mihtasari ya vikao, barua za kuomba kazi na matangazo ya misiba. Ofisi aliianzisha mumewe, Loth, kwa kiinua mgongo alichopewa shamba la mkonge lilipouzwa kwa tajiri na makarani wakaambiwa asanteni, nendeni makwenu. Wenzake wengi walikula kiinua mgongo kikaisha. Loth akanunua kompyuta, watu wakamcheka weee, kisha wakaanza kumletea kazi.

Hakuifaidi sana. Saratani ilimshika kooni, na madaktari wa Moshi wakamwambia kwamba wakimpasua, sauti itakwenda. Asubuhi ya kuondoka alijifungia ofisini, akawasha kompyuta na kurekodi maneno kwa ajili ya binti yao, Yudith, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa. Aliagiza asikilizishwe siku ya kipaimara chake, si kabla. Katikati ya maneno jogoo wa jirani aliwika, Loth akamkaripia kwa Chasu, lugha ya kwao, akaangua kicheko, kisha akaendelea. Alirudi kutoka hospitali akiwa bubu, na kabla ya mwaka kwisha wakamzika Vudee, kwao.

Rahabu aliisikiliza sauti ile kila alipozidiwa, mlango ukiwa umefungwa. Yudith hakuisikia hata mara moja. Alikua, akaanza shule, akaomba, akanuna, mama yake akashikilia palepale. Baba alisema kipaimara, basi ni kipaimara. Mtu angeweza kumwita Rahabu mgumu wa moyo, lakini hilo ndilo agizo pekee la mumewe lililokuwa limebaki mikononi mwake, na alilipenda kama alivyompenda mwenyewe.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Umeme ulikatika ukijisikia na kurudi kwa vishindo, na kompyuta ya Melkizedeki, mwenye duka la pembejeo hapo jirani, ikaungua na kila kilichokuwemo. Flashi nazo zilikuwa zimejaa virusi. Ukichomeka kwa mteja mmoja, umeambukiza mji mzima. Rahabu hakulala vizuri tena. Mitihani ingeweza kuchapwa upya. Loth asingeweza kusema upya.

Ndipo alipokuja Rogers, kijana wa Bukoba aliyekuwa wakala wa kampuni moja ya mambo ya mtandao. Siku hizo kila wiki alishuka mtu stendi akiwa na kitu kipya cha kuuza, ila huyu alikuwa na kile hasa Rahabu alichokihitaji. Huduma zake zilikuwa mbili, zote za kuhifadhi kazi za ofisi mbali, huko mtandaoni, hata kompyuta ya hapa ikiungua.

"Hii ya kwanza inajiendesha yenyewe, mama," Rogers alisema. "Hapa na kule vinakuwa sawasawa siku zote. Ukiandika hapa, kule kimeandikwa. Ukirekebisha hapa, kule kimerekebishwa."

"Na ya pili?"

"Ya pili unatuma mwenyewe, kimoja kimoja. Ulichotuma kinakaa hukohuko. Ni ya taratibu, na bei yake imechangamka kidogo."

Rahabu alifikiri. Kwao Vudee watu hawakufuga ng'ombe wote katika zizi moja. Uliwekesha mmoja wawili kwa rafiki wa mbali. Yeye akanywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe akabaki wako na ndama wakawa wako. Ugonjwa ukiingia zizini kwako, au ukiwachinja wote kwa shida, yule wa kwa watu yupo. Rahabu alikuwa mdogo mwaka ambao ng'ombe wote wa baba yake walikufa. Alimwona baba akishuka Maore kwa rafiki yake mikono mitupu, na akamwona akirudi anavuta ng'ombe mwenye ndama, mama yake akilia kwa furaha mlangoni.

"Kwa hiyo hii ya kwanza ni kama kuwekesha ng'ombe," alisema.

Rogers hakujua kuwekesha ng'ombe ni nini. Alijua mteja akianza kukubali anakuwaje.

"Hasa, mama. Umepatia kabisa."

"Na maziwa utakunywa wewe."

"Kidogo tu, mama," Rogers alisema, na wote wawili wakacheka.

Akachukua ya kwanza. Cha kwanza kupelekwa kilikuwa sauti ya Loth, na Rahabu alikaa akiutazama mtandao ukijikokota mpaka ikafika yote. Alijisikia mwepesi, akafunga ofisi mapema na kumnunulia Yudith viatu vya kipaimara.

Muda mfupi kabla ya Pasaka, Mwalimu Veneranda alileta mitihani ya muhula, mirefu na yenye michoro, akaitaka leo leo. Kompyuta ikagoma, ilisema haina nafasi. Rahabu akaanza kufuta vizito. Zikaenda picha za harusi za watu. Akafika kwa Loth. Kidole kilisita kidogo, si kwa hofu, kwa heshima tu. Alijiambia kwamba huyu ni wa nyumbani, mwenzake yuko kwa watu, ananenepa. Akafuta, akamwaga na kapu la takataka ili nafasi ipatikane, na mitihani ikatoka vizuri.

Juni, siku chache kabla ya kipaimara, alifungua mtandao kwenda kumchukua ng'ombe wake. Mitihani ilikuwepo. Mihtasari ilikuwepo. Loth hakuwepo. Alitafuta kwa jina, akatafuta tena, kisha akampigia Rogers.

"Uliifuta lini, mama?"

"Kabla ya Pasaka. Lakini niliifuta hapa. Huko sijagusa."

"Ukifuta hapa, na kule kinafutika. Kule hukaa mwezi mmoja tu ukitaka kukirudisha, baada ya hapo kinakwenda moja kwa moja. Si nilikwambia vinakuwa sawasawa?"

"Ng'ombe wa kwa watu hachinjwi kwa kisu cha nyumbani kwangu, Rogers."

 Rogers akauliza, kwa upole wa kweli, "Ng'ombe gani, mama?"

Rahabu alikata simu. Alilia akiwa ameinamisha kichwa juu ya meza ya Loth, na wateja waliochungulia wakadhani amefiwa. Hawakukosea.

Kipaimara kilifanyika Vudee. Baada ya ibada na makande, ukoo ukakusanyika uani kwa mama yake Loth, Bibi Eliakunda, na Yudith akakaa mbele, gauni jeupe na viatu vipya, akisubiri kile alichonyimwa maisha yake yote. Rahabu alisimama, akasema alichokifanya bila kujitetea. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Lakini maneno ninayo," alisema. Akayasema yote, kwa moyo, kama alivyoyasikia miaka yote ile mlango ukiwa umefungwa: mwanangu, leo umesimama mwenyewe mbele za Mungu, mimi sipo lakini nimefurahi. Alipofika pa jogoo akaiga karipio lile la Chasu, na wazee waliomjua Loth wakatikisa vichwa, macho yamejaa maji.

Yudith alisikiliza mpaka mwisho. "Asante, mama," alisema. "Na alichekaje?"

Rahabu akacheka kama Loth. Kilitoka kicheko chake mwenyewe, chembamba, kikakatika.

"Hapana," Bibi Eliakunda alisema taratibu. "Mwanangu alikuwa anaanzia chini." Akacheka yeye, kicheko cha kizee, akakohoa. Lukasi, mdogo wake Loth, akasema kilikuwa kifupi zaidi, akacheka cha kwake. Shangazi mtu naye akajaribu. Wakazunguka hivyo uani, mmoja baada ya mwingine, wakimchekea mtoto kicheko cha baba yake huku wakilia, na hakuna viwili vilivyofanana. Yudith aliwatazama wote kwa zamu, asijue amwamini nani.