Mahali Alipolilia Wifi

Msiniambie filamu ni mchezo tu. Mimi filamu moja imenivurugia nyumba, na niliipenda mwenyewe, kwa macho yangu haya, miaka nenda rudi.

Mume wangu watu wanamwita Mkalimani. Enzi za ukumbi wa video ndiye aliyekuwa akikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anapunguza sauti ya filamu za kigeni, anatueleza kwa Kiswahili kila anachosema kila mtu. Mwanamke akilia, analia yeye. Mbwa akibweka, anabweka yeye. Sisi tuliobanana kwenye mabenchi waigizaji hatukuwajua hata majina, tulimjua Mkalimani. Ndivyo nilivyompenda, na ndivyo nilivyoipenda ile filamu. Mwanamume anarudi kutoka vitani, anaoa msichana mpole, na dada yake yule bwana anakaa nao, anapika, anafua, hana neno na mtu. Mwisho dada anabeba begi lake anaondoka, na maharusi wanabaki dirishani wameshikana mikono. Nilikuwa nalia hapo dirishani mpaka mtandio unalowa. Nikasema, jamani, mume mwenye dada wa namna hii nani atamkataa?

Basi nikampata. Mkalimani alikuwa na dada, mtoto wa mama yake mdogo, fundi cherehani. Na mtoto wa mama mdogo ni dada, kwisha, hakuna anayeuliza mara ya pili. Wenzangu mawifi zao ni pilipili. Wangu alikuwa shoga yangu. Nilipojifungua, mkono niliouminya ulikuwa wake. Siri zangu zote anazo yeye, na za mume wangu nilizomsengenyea pia. Mume ukigombana naye utanuna, kisha mtapatana. Lakini yule mwanamke akitoka maishani mwangu, nitaongea na nani?

Sasa juzi juzi binti yetu, ambaye yuko mapokezi kwenye hoteli ya wageni na lugha yao ameshaijua, akaniletea filamu ile ile kwenye kompyuta, na sauti yake yenyewe. Baba yake alikuwa kazini, anatengeneza redio za watu. Tukakaa kwenye kochi mchana, mimi nakunja nguo. Yule dada alipoingia tu, binti akaguna.

"Mama, huyu ndiye dada uliyekuwa ukinisimulia?"

"Ndiye huyo. Mwone alivyo na adabu."

"Dada wapi! Huyo ni mke wake, wa kwanza. Mwanamume amemdanganya yule msichana kuwa ni dada, na huyu amekubali kwa kuwa hana pa kwenda."

Nikamwambia asinichezee. Akarudisha nyuma, akanitafsiria neno kwa neno. Loo! Shati nililokuwa nakunja likabaki mkononi.

Nikaiangalia tena kesho yake, peke yangu. Hee, ilikuwa filamu nyingine kabisa! Yule bwana niliyemwona mstaarabu, sasa nikamwona nyoka. Yule msichana niliyemwonea wivu ujana wangu wote, sasa nilitaka kumzaba kofi: we, huoni? Mwanamke anamnyoosha mumeo kola ya shati, na mumeo hata hashukuru! Mtu hashukuru kitu alichokizoea. Nikaangalia tena na tena, na kila nikiangalia naona mapya, na kila jipya linanichoma.

Jumamosi wifi akaja kama kawaida yake. Akaingia jikoni, akafungua kabati lile lile lenye chujio, hakubahatisha. Nikakumbuka: nilipoletwa bibi harusi, yeye ndiye aliyenionyesha kila kitu kilipo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mwenye kamba nilikuwa mimi. Nikajionya, mwanamke, acha hizo, dada wa mtu atajua vyombo vya kaka yake. Kisha mume wangu akapita anatoka, wifi akanyoosha mkono, akamgeuza kola. Mume wangu akaenda zake, hata "asante" hakuna.

Mimi si mtu wa kulala na kitu kooni. Jioni nilimbana. "Ile filamu, kwa nini ulisema yule mwanamke ni dada?"

Mkalimani akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, na wewe uliamini? Lugha ile nilijua salamu na matusi tu. Mengine nilikuwa nabuni hapo hapo. Naangalia sura zao, natunga. Mngenidai tafsiri, ningefunga ukumbi."

Nilicheka na mimi, tena kicheko cha kweli. Miaka yote hiyo tumelilia uongo wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki! Moyo ukatua, nikamwekea chai, nikamwita tapeli mkubwa, akafurahi.

Ahueni yenyewe haikumaliza hata siku. Asubuhi nipo kwenye beseni la vyombo, wazo likanijia. Kama alikuwa anabuni, mbona alibuni hilo? Mwanamume na mwanamke nyumba moja, anampakulia, anamgeuza kola, mtu yeyote asiyejua lugha angesema huyo ni mkewe. Hilo ndilo jambo la kwanza kumjia mtu. Kumwita dada, ni lazima umewahi kuona mke anayeitwa dada.

Nikamwita wifi tuangalie filamu. Hakuwahi kuiona, enzi za ukumbi kila nikimwalika alikuwa na nguo za watu za kumalizia. Nikamkalisha kwenye kochi, nikaweka sauti ya chini, na lugha ile hakuna anayeijua kati yetu. Mimi sikuangalia filamu hata kidogo. Nilimwangalia yeye.

Kwa msichana mpole alitulia tu. Kwenye harusi akaangalia kucha zake. Yule mwanamke alipochukua begi na kuuvuta mlango polepole asimwamshe mtu, wifi yangu akalia. Hapo halii mtu! Hapo ukumbini watu walikuwa wanatafuta viatu vyao chini ya benchi. Yeye alilia bila sauti, mabega yanatikisika.

"Wifi, unamlilia nani?"

"Huyo anayeondoka."

"Si dada tu huyo?"

Akajifuta uso, akanitazama sawasawa. "Ungekuwa unaamini ni dada, usingeniita leo."

Nikaifunga kompyuta. Nilimchukia, na nilitaka anikumbatie, vyote pamoja.

"Tuliishi humu ndani, mimi na mumeo, kabla yako," akasema. "Mama yake akataka wajukuu, mimi sikuzaa. Akasema mwanangu ataoa mwingine, na wewe ukitaka kubaki karibu, utakuwa mtoto wa mdogo wangu. Nikakubali. Nilikuwa sina kwetu."

"Na mimi mkaninyamazia wote."

"Nilitaka kukuambia ulipokuwa na mimba. Ukaniita wifi, ukanishika mkono ukasema unaogopa. Nikashindwa."

Nikamuuliza lile lililobaki, maana maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. "Mnaendelea?"

"Hapana. Tangu uingie hajanigusa, naapa kwa kaburi la mama yangu."

Nikavuta pumzi. Basi ni ya zamani, nikajiambia, yamekwisha, ya zamani husamehewa. "Alikuacha lini?"

Hapo alikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Hajaniacha," akasema. "Talaka sijapewa mpaka leo."

Nilisimama, nikamfungulia mlango, nikataka kumwambia atoke nyumbani kwangu na asikanyage tena. Yeye naye alikuwa ameshasimama, mkoba mkononi, anasubiri. Tukabaki tunatazamana mlangoni, na mimi sikujua kati yetu ni nani mwenye haki ya kumfukuza mwenzake.