Ukurasa wa Kumi na Moja

Kuna mahali katika sonata moja, muziki mrefu wa piano, panaponikosesha usingizi. Ni ukurasa wa kumi na moja. Kipande kilekile kinapita mara mbili: mara ya kwanza mkono wa kushoto unashuka na kukurudisha nyuma, mara ya pili unagusa kitufe kimoja cheusi, basi, umeshatoka, unaelekea mwisho. Ukikosea hapo hutoi sauti mbaya hata kidogo. Unarudi ulikotoka kwa ustadi kabisa, kama mtu aliyepitiliza mlango wa nyumba yake.

Nimeipiga sonata hiyo miaka thelathini na minne bila kitabu. Sisi wapiga piano wa majukwaani tuna kiburi chetu: ukiweka nota mbele yako, wenzako watasema umekwisha. Mimi mwenyewe nimewasema wengi, tena bila haya.

Mama yetu alikuwa mshonaji. Alipofika umri wangu huu alianza kusahau vipimo vya wateja, kisha njia ya kurudi nyumbani, kisha sisi wanawe. Ndiyo maana nilimwapisha mdogo wangu, mwalimu wa hesabu asiyejua kupamba maneno. Kila onyesho akae safu ya tatu na nakala ya nota na penseli, na siku akiona dalili aniambie palepale. Siku hiyo naacha jukwaa. Sitaki kuhurumiwa na watu waliokata tiketi.

Asubuhi ya onyesho, nikiwa mazoezini, fundi wa piano alikuwa anakusanya vifaa vyake. Akainua kichwa.

"Mama, hapo si ulishapita?"

"Narudia makusudi," nikamjibu. Nilikuwa namdanganya.

"Haya. Lakini kitabu nacho si mzigo. Kiweke tu hapo, nani atakuuliza?"

"Wewe kaza nyuzi zako. Kichwa changu niachie mwenyewe."

Akacheka, akaenda zake. Nilikaa pale nikivitazama vitufe themanini na vinane, na kwa mara ya kwanza maishani niliviogopa.

Alasiri ukumbi ulijaa. Nilipiga moyo konde nikaingia, nikainama, nikaketi. Kurasa kumi zilikwenda vizuri, na kila moja ilinizidishia hofu kwa sababu ilinisogeza kwenye ile ya kumi na moja. Nilipofika, mkono wa kushoto ulishuka wakati haukutakiwa kushuka. Nikajiambia, zunguka tu, usitoe macho, hakuna anayejua. Nikazunguka huku jasho likiniingia machoni, nikakiona kile kitufe cheusi, nikakibonyeza kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa, nikatoka.

Watu walisimama kupiga makofi. Nikainama, nikatoka, nikaitwa tena, nikainama tena. Nilipoingia chumba cha kubadilishia nguo, mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na kioo, nota magotini.

"Nilipotea kidogo," nikamwambia nikivua viatu. "Mara moja tu. Wewe uliona, lakini wao wapi."

Alinigeuzia ukurasa wa kumi na moja. Pembeni palikuwa na vistari vinne vya penseli.

"Hivi ni nini?"

"Kila uliporudi nyuma, nilipiga kistari."

"Nne? Nawe ndiye mwalimu wa hesabu?"

"Nne, dada."

Nilivihesabu kwa kidole. Mara moja nilikuwa naikumbuka. Zile tatu nyingine mikono yangu ilizunguka mbele ya ukumbi mzima na mimi mwenyewe sikuwepo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu ile ikageuka hasira, maana hasira ndiyo niliyoizoea.

"Basi mbona umenyamaza muda wote huu? Tulikubaliana nini? Si ulisema utaniambia palepale?"

Akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Nilikuambia, dada, nilikukimbilia nyuma ya pazia. Ulipotoka jukwaani mara ya kwanza, kabla hawajakuita tena. Nikakuonyesha vistari hivihivi. Ukalia hapa begani kwangu."

Nikamtazama nione kama ananitania. Yeye hajui utani. Nikanyoosha mkono, nikaligusa gauni lake begani. Lilikuwa limelowa.