Mwendo wa Jokia

Ivlita alikuwa akimkatia marehemu mumewe kipande cha mkate wa nyama pale mwanawe Mirian alipousukuma mlango kwa bega, theluji imemganda hadi kiunoni.

"Mama, tunahama. Sasa hivi."

"Funga mlango, mwanangu. Wageni wataona baridi."

Mezani hapakuwa na mtu. Palikuwa na sahani mbili, bilauri mbili za pombe kali, mshumaa wa nta, na viti viwili vilivyotandikwa ngozi ya kondoo. Zilikuwa siku za wafu, zile za katikati ya Januari, ambapo waliotangulia hurudi majumbani mwao, wakala, wakaota moto, hata Jumatatu wakasindikizwa mlangoni kwa heshima. Enzi zile hapakuwa na nyumba kijijini iliyothubutu kulala bila kuwaandalia. Siku hizi vijana wanapiga picha meza.

Kiti kimoja kilikuwa cha Jokia, mumewe. Cha pili kilikuwa cha mama mkwe wake, ambaye Ivlita alimwogopa hata sasa, na kwa hiyo jibini yake aliikata nyembamba, vile alivyoipenda mwenyewe.

"Mama, nisikilize. Theluji imeanguka juma zima, ukaja upepo, na leo jua limetoka utadhani Aprili. Nimekanyaga pale juu ya banda la nyasi, mlima ukaguna chini ya mguu wangu. Mguno mmoja tu, kama ng'ombe anayetaka kujigeuza usingizini. Akijigeuza, sisi ndio tuliolala ubavuni pake."

"Na ng'ombe?"

"Nimeshawateremsha kwa Gerasime, ng'ambo ya korongo. Nyumba yake ya mnara ni ya mawe matupu, na poromoko la theluji halijawahi kufika kule."

Ivlita akaweka kisu chini. "Kwa Gerasime!"

Jokia na Almatsgil, baba yake Gerasime, waligombania kipande cha nyasi kisichoshibisha hata ndama, wakanuniana mpaka kaburini. Watoto wao walikwisha kupatana, wakaazimana hata mashoka. Lakini wazee wale walikufa na kinyongo chao, na juma hili, bila shaka, Almatsgil alikuwa amekaa mezani kwa mwanawe.

"Nenda wewe," alisema Ivlita. "Mimi siachi wageni mezani. Nimwambie nini baba yako? Samahani, mlima unakuja, lakini wewe umeshakufa, huna neno?"

"Mama, poromoko haliui mtu mara mbili!"

"Kufa si ruhusa ya kudharauliwa."

Akakitazama kiti. Jokia alikuwa na vitendawili vingi kuliko ng'ombe. Jioni za theluji kama hizo alikuwa akinyoosha mguu wake mbovu motoni na kusema, "Kitendawili!" nao wote, "Tega!" "Mgeni wangu hali, hasemi, akiondoka anaondoka na nyumba." Ivlita alijua jibu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, ni theluji, lakini kila mwaka alijifanya ameshindwa ili ampe mji. "Nakupa Kutaisi." Basi Jokia, ambaye hakuwahi kufika Kutaisi, alikuwa akieleza alivyokwenda Kutaisi, alivyolala kitanda cha chuma na kula samaki mrefu kama mlango, mpaka watoto wasinzie.

Mirian akavua glavu. Akaketi sakafuni karibu na moto.

"Wafanya nini?"

"Nakaa. Ukibaki wewe, nabaki na mimi."

Ivlita akamtazama yule mwana mwenye ndevu, theluji ikimyeyukia shingoni. Kisha akainuka, akazifunga sahani kwa kitambaa, akakiinamia kiti cha pili. "Mama mkwe, niwie radhi." Akageukia cha kwanza. "Jokia, simama. Tunakwenda kwa watu."

Njia ilikatiza korongo, chini kabisa ya mteremko uliojaa theluji. "Mmoja mmoja," alinong'ona Mirian, "haraka, bila kusimama." Akavuka yeye, akafika ng'ambo, akageuka.

Mama yake alikuwa anakuja taratibu, kiwiko amekikunja kama aliyeshikana mkono na mtu. Hatua, kituo. Hatua, kituo. Juu yao vidonge vya theluji vilianza kubingirika.

"Mama, kimbia!"

"Baba yako hawezi kukimbia."

Kijiji kizima kilijua kwamba kilema akifa huenda na kilema chake. Hata siku ya kuwaaga, wafu wenye miguu mibovu hutangulizwa ili wenzao wasiwaache njiani. Mirian akalirudia korongo mbio, akachuchumaa mbele ya mama yake, akautoa mgongo.

"Baba, panda."

Ivlita akangoja kidogo. "Amepanda. Usimtikise."

"Na bibi?"

"Bibi yako ameshafika zamani. Yule hakuwahi kunisubiri hata akiwa hai."

Wakakimbia.

Gerasime alikuwa mlangoni pa mnara na koleo mkononi. Alimwona Mirian anakuja amejikunja, anahema, mikono ameifunga nyuma, na mgongoni hana kitu.

"Umebeba nini, ndugu yangu?"

"Baba."

Gerasime hakucheka. Alitazama ndani, kwenye meza yake, kisha akamtazama Ivlita. "Mama Mirian, mzee wangu yuko mezani. Unajua alivyo. Wakionana hawa..."

"Wagombane," alisema Ivlita. "Mradi wagombane ndani."

Gerasime akavua kofia, akafungua mlango wote. "Karibu, mzee Jokia. Kizingiti kina utelezi, angalia mguu."

Nafasi ya Jokia ilikuwa moja tu, mkabala na Almatsgil. Ivlita akaweka sahani, akajaza bilauri, akaiacha mbali kidogo na ile nyingine, kwa adabu. Alikuwa bado ameshika chupa pale mnara ulipotetemeka toka chini hadi juu. Ng'ombe walilia. Dirisha likawa jeupe, likabaki jeupe, na baadaye kukawa kimya.

Mirian alikimbilia dirishani. Unga wa theluji ulikuwa umejaa hewani. Hapakuonekana korongo, wala mteremko, wala paa.

"Nyumba ipo?" aliuliza Ivlita, bila kugeuka.

"Sioni, mama. Unga bado unatua."

Ivlita alikuwa anaitazama meza. Mtetemeko ulikuwa umezisogeza zile bilauri mbili mpaka zikagusana, na pombe ilikuwa ikicheza ndani yake.