Siku Niliyopanda Nyuma ya Mama

Mama yangu ana miaka hamsini na miwili, na kila siku ya kazi anaendesha pikipiki, jua liwake, mvua inyeshe. Hukusanya sampuli za damu katika zahanati tatu za mlimani na kuzileta mjini, kwenye maabara ya hospitali ninakofanya kazi mimi. Wenzake wamempa jina la Misimu Yote. Baba naye humwita hivyo, ila akiwa amekasirika tu.

Masika iliyopita alianguka akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Alikaa nyumbani wiki saba, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akituudhi sote. Siku daktari alipomwambia amepona, Baba, ambaye ni fundi cherehani, alisimamisha mashine yake katikati ya mshono.

"Sasa basi," alisema. "Funguo uzirudishe ofisini."

"Halafu nikae hapa nifanye nini? Nikutungie uzi kwenye sindano?"

"Ukae uwe hai."

Walibishana siku tatu. Nyumba yetu ina vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa mbao, kwa hiyo hata mimi nilikuwa ndani ya ule ubishi, ingawa sikufungua mdomo. Siku ya nne Mama akasema jambo lililonitoa jasho.

"Mwache huyu mtoto aamue. Apande nyuma yangu siku moja, njia nzima. Akirudi akasema niache, naacha. Akisema niendelee, basi na wewe usinitajie tena habari ya funguo."

Baba alinitazama kwa juu ya miwani. "Huyu? Huyu hata kuku hawezi kumfukuza jikoni."

"Ndiyo maana namtaka yeye. Haongei sana, kwa hiyo hajajifunza kudanganya."

Nilitaka kusema hapana, lakini hata hapana ni neno. Mimi ni mtu wa dirisha. Kazini nakaa nyuma ya kidirisha kidogo. Kisanduku cha sampuli kinasukumwa ndani, nasoma karatasi, natazama saa ya ukutani. Damu iliyotolewa zaidi ya saa sita zilizopita haipimiki vizuri, kwa hiyo naandika kwa kalamu nyekundu *imechelewa*, na mgonjwa hulazimika kuchomwa sindano upya. Mara nyingi kisanduku hicho kilikuwa cha Mama. Sikuwahi kujiuliza kimepita wapi.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito hata nyumba ya jirani ilikuwa imetoweka. Baba, pamoja na hasira zake zote, alikuwa ameamka kabla yetu kunipunguzia mikono ya koti la turubai alilomshonea Mama kwa ajili ya mvua. Alinifunga vifungo mwenyewe, mpaka kidevuni, kama ninakwenda darasa la kwanza.

"Sheria ni moja," Mama aliniambia akiwasha pikipiki. "Nikilala, lala. Nikiinuka, inuka. Usinisaidie."

Kwenye kona ya kwanza pikipiki ililala upande wa kushoto, na mimi, kwa kuogopa kuanguka, nikajivuta kulia kwa nguvu zangu zote. Tulienda upogo hadi ukingoni mwa barabara. Mama akaituliza, akapunguza gia, akageuza kichwa kidogo.

"Umenisaidia," alisema.

Tulipoanza kupanda mlima, ukungu ulizidi. Sikuona taa yetu wenyewe inaishia wapi. Mama aliinua kioo cha kofia yake, akapunguza mwendo hadi wa mtu anayetembea, na kabla ya kila kona akapiga honi mara moja, kisha akasikiliza. Niliona bega lake likitulia kila alipofanya hivyo.

"Unasikiliza nini?" nilimpigia kelele.

"Honi yangu. Ikirudi upesi, kuna ukuta mbele au kuna lori. Isiporudi, hapo ni bonde."

Nilikumbatia kiuno chake nikaanza kuzihesabu honi ambazo hazikurudi. Baada ya honi ya tano niliacha kuhesabu.

Halafu tukatoka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Wakati mmoja tulikuwa ndani ya weupe, na wakati uliofuata tulikuwa juu yake, jua limechomoza, na ule ukungu wote umelala chini yetu, umetulia, kama pamba iliyochambuliwa ikatandazwa kutoka mlima hadi mlima. Vilele viwili tu vilichungulia. Mama akazima injini. Sikumbuki kama nilishuka mwenyewe au alinishusha.

"Kila siku iko hivi?" niliuliza.

"Kila siku? Wee! Miezi miwili tu ya mwaka. Kipupwe hapa ni umande wa baridi, vidole vinakufa kwenye klachi hujui kama umeibana. Kiangazi ni vumbi, unakula barabara mpaka jioni. Vuli..." Akafikiri. "Vuli ina upinde wa mvua, lakini ukiutazama unaingia shimoni. Panda, twende."

Kwenye zahanati ya kwanza muuguzi mnene, mcheshi, alituletea vichupa vya damu vilivyopangwa kwenye kibao chenye matundu.

"Misimu Yote umefufuka! Na leo umepakia nani? Mkaguzi?"

"Hakimu," Mama alijibu. "Msalimie vizuri."

"Shikamoo, hakimu," alisema yule muuguzi, mwenye umri wa kunizaa, nikatamani kujificha ndani ya kisanduku pamoja na barafu. Kwenye karatasi aliandika: damu imetolewa saa mbili. Nilijumlisha kichwani bila kutaka. Mwisho wake, saa nane mchana.

Zahanati ya pili ilikuwa ukingoni mwa mlima, mahali penye upepo usiopumzika. Hapo niliona mama yangu akiendesha barabara iliyonyooka huku pikipiki imeinama, ameegemea upepo kama mtu anavyoegemea ukuta, nasi tulienda mbele mstari mmoja bila kuyumba. Upepo ulipokatika ghafla nyuma ya jabali, alikuwa ameshainuka kabla haujakatika. Sijui alijuaje. Nililala alipolala, nikainuka alipoinuka. Kufika zahanati ya tatu, sikuwa nikimsaidia tena.

Saa saba kasoro robo tulikuwa tumeteremka hadi tambarare. Joto lilipanda kutoka chini kama linatoka kwenye tanuri, na mbinguni hapakuwa na wingu hata la dawa. Mbele yetu kulikuwa na mto wa mchanga, ule ambao hauna maji ila siku chache kwa mwaka. Hauna daraja. Barabara inashuka ukingo, inavuka mchanga mweupe, mpana kama uwanja wa mpira, na kupanda upande wa pili. Kutoka hapo hadi dirisha langu ni nusu saa. Tulikuwa na muda wa kutosha hata wa kunywa maji.

Mama alisimama juu ya ukingo, akazima injini. Akavua kofia.

Nilisubiri. Dakika mbili. Tatu. Alikuwa amekaa tu, mikono kwenye usukani, uso ameuelekeza juu ya mto, kule milima ilikokuwa.

"Mama, muda."

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

Nilitazama saa. Nilifikiria vichupa thelathini na saba ndani ya kisanduku, na watu thelathini na saba waliokunja mikono ya nguo zao asubuhi ile. Nilifikiria mfupa wa mama ukivunjika, nikawaza: basi ndivyo ilivyo, ameogopa, na mimi ndiye nitakayelazimika kwenda kumwambia Baba. Nilimwonea huruma. Na kwa sababu ya ile huruma, nilifanya jambo ambalo sijawahi kufanya maishani. Nilipaza sauti.

"Mama, pakavu hapa! Hata kuku anavuka!"

Nikashuka, nikateremka ukingo, nikaingia kwenye mchanga kumwonyesha. Hatua kumi, ishirini. Nilipiga mguu chini, vumbi likaruka. "Unaona?"

"Rudi," alisema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele huenda ningebishana. Alilisema kwa sauti ndogo kabisa, na uso wake ulikuwa umebadilika, nami nikageuka na kuanza kutembea. Hapo ndipo upepo uliponigusa shavuni. Ulikuwa wa baridi. Katikati ya joto lile, baridi, na una harufu ya udongo uliolowa na majani yaliyooza. Nilikimbia.

Niliposhika mkono wake juu ya ukingo, kitu kilitokea kwenye kona ya mto. Kwanza nilidhani ni mbuzi, kundi la mbuzi wa kahawia wanaokuja pole pole. Lilikuwa povu. Povu na vijiti na maganda, likitambaa juu ya mchanga kwa mwendo wa mzee, likijaza alama za miguu yangu moja baada ya nyingine. Nyuma ya povu yakaja maji yenyewe, na hayakuwa na mwendo wa mzee. Yalikuja yamesimama. Yalikuja na mti mzima, mizizi juu, ukigeuka geuka kama kijiko kwenye kikombe. Ardhi ilitetemeka, nikaisikia kwenye meno. Uwanja wote ule mweupe ulikuwa umekwisha, ukingo kwa ukingo, na juu yake jua lilikuwa linawaka vilevile, kama halihusiki.

Sikulia. Nilisahau kulia. Nilisimama mdomo wazi, nimeshika mkono wa mama yangu, na woga ulipopita kwenye mwili wangu ulifuatwa na kitu kingine ambacho sijui jina lake, kikubwa, karibu sawa na furaha.

"Umejuaje?" nilisema, yaliponirudia maneno.

"Nilinusa. Lakini sikuwa na hakika." Hakuondoa macho kwenye maji. "Mvua imenyesha kule juu, sisi tukiwa tumeshaondoka. Wakati mwingine harufu inakuja na maji hayaji. Leo ningeweza kuwa nimekuchelewesha bure."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Wewe unadhani nilikuwa nafanya nini pale? Naswali?" Akacheka, kisha akaacha. "Naogopa kila siku. Siku niliyoanguka ndiyo siku niliyoacha kuogopa. Nilikuwa nimerudishiwa visanduku viwili wiki ile, nikajisemea cha tatu hakirudi, hata iweje. Nikaliona tope, nikalipita kama silioni."

Aliyerudisha vile visanduku ni mimi. Alijua kwamba najua. Alinipangusa mchanga kwenye goti, akaniambia nikae kivulini.

Maji yalipungua baada ya saa mbili. Mama aliingia kwanza kwa miguu, na fimbo, akipima kila hatua, ndipo akarudi kuchukua pikipiki, tukaisukuma pamoja hadi ng'ambo. Saa kumi kasorobo nilipita mlango wa nyuma wa maabara nikiwa na matope hadi kiunoni, nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua kisanduku. Vichupa vya zahanati mbili vilikuwa vimepitisha muda. Niliandika neno lile kwa mkono wangu, mara ishirini na sita. Sheria ni sheria, na damu haijui sababu. Lakini chini ya kila moja niliandika pia, kwa mara ya kwanza: *mto ulijaa*.

Nyumbani Baba alikuwa ameketi mlangoni. Alitutazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Haya, hakimu," alisema. "Neno lako."

Nilikuwa nimejiandaa kusema neno moja. Badala yake yalitoka yote: honi, pamba, upepo, mchanga. Nilimweleza jinsi nilivyoteremka mtoni. Hapo alishika fremu ya mlango. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunisikia nikiongea kwa zaidi ya dakika moja, maana alisahau kunikatiza.

"Uliogopa?" aliuliza nilipomaliza.

"Sana."

"Kwa hiyo aache."

"Hapana, Baba. Aendelee."

"Mtoto huyu! Umenieleza mwenyewe maji yamekuja yamesimama!"

"Asubuhi nilidhani Mama haogopi, ndiyo maana hata mimi nilitaka aache. Kumbe anaogopa kuliko wewe. Mimi nilikuwa natazama saa, yeye anatazama mto. Mtu anayeogopa hivyo..." Nikaishiwa. "Aendelee. Nikisema aache nitakuwa nimedanganya."

Mama alikuwa amegeukia pikipiki, anakwangua tope kwenye mnyororo kwa kijiti, na hakugeuka, ingawa kijiti kilikuwa kimesimama.

Kisha Baba akajikohoza.

"Kesho hali ya hewa itakuwaje?" alimuuliza Mama.

Katika miaka yote ile, sikuwahi kumsikia akimuuliza hivyo. Mama aliinua uso, akautazama mlima, ambao jioni ile ulikuwa safi, bila doa.

"Sijui bado," alisema. "Nitajua nikifika."

Baba akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kipimo asichokipenda, akasogea kidogo mlangoni ili tupite.